Skani ya kansa imeshaupiga na moyo: namna ya kuusoma hatua kwa hatua

Wadau, skani ya kifua (mara nyingi ni CT, picha za eksirei zinazoonyesha mwili slaisi kwa slaisi) ikipigwa kwa ajili ya kansa moyo nao umo mulemule kwenye picha, umekaa katikati kabisa, na hela ishalipwa. Ila ripoti nyingi zinaongelea uvimbe, mitoki, ini na mifupa, afu moyo unapewa mstari mmoja wa mwishoni, "moyo uko kawaida", basi. Huo mstari ndo tatizo langu, kwa sababu CT ya kawaida haina uwezo wa kusema moyo unafanya kazi vizuri. Inachoweza ni kukuambia moyo ni mkubwa au mdogo, umezungukwa na maji au hapana, mishipa yake ina kalsiamu au haina. Ni kama picha ya bodaboda iliyopigwa barabarani, matairi unayaona, mzigo unauona, spidi huioni.

Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili: kuchota kila kitu ambacho skani ya kansa inaweza kusema kuhusu moyo, na kujua ni wapi inaishia ili umpeleke mgonjwa kwenye eko, yani kipimo cha moyo cha ultrasaundi, badala ya kujipa moyo na picha. Nawaandikia zaidi maintern, CO (clinical officer) na radiografa wa hospitali za mikoa na wilaya ambako bingwa wa redioloji yuko mbali, ila hata wewe unayemuuguza mama au baba na umeshika CD ya skani mkononi utaambulia kitu, hasa zile sehemu za dawa na za nini cha kuuliza.

Hatua ya kwanza: kabla hujafungua picha, jua mgonjwa amepewa nini

Picha ileile ina maana tofauti kwa mtu ambaye hajaanza dawa na kwa mtu aliyemaliza mizunguko sita. Anza na faili, tafuta jina la dawa na dozi yake. Zinazosumbua moyo zinajulikana, ya kwanza ni kundi la anthrasaiklini, yani doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo wagonjwa wakiiona kwenye dripu wanaifahamu, pamoja na ndugu yake epirubisini. Hizi zinaharibu misuli ya moyo kwa kujilimbikiza, dozi ya leo inajumlishwa na ya mwezi uliopita na hata ya miaka kumi nyuma.

Hesabu yake ni nyepesi na ifanye mwenyewe usisubiri kuambiwa. Mama wa kansa ya titi aliyepewa AC (mchanganyiko wenye doksorubisini) mizunguko 4 kwa miligramu 60 za doksorubisini kwa kila mita ya mraba ya mwili anakuwa amefika 240. Mgonjwa wa limfoma, kansa ya mitoki, aliyepewa CHOP, mchanganyiko mwingine wenye doksorubisini, mizunguko 6 kwa miligramu 50 amefika 300. Wa Hodgkin, aina moja ya limfoma, aliyepewa mchanganyiko wa ABVD anapata 25 mara mbili kila mzunguko, mizunguko 6 inampa 300 pia. Kuanzia 250 kwenda juu mgonjwa tunamhesabu yuko kwenye hatari kubwa, na uchambuzi wa wagonjwa wa doksorubisini uliochapishwa 2003 uliona moyo kushindwa kazi kwa kama asilimia 5 ya waliofika 400, ikaruka hadi kama asilimia 26 kwa waliofika 550. Ona hiyo kona ilivyo kali, haipandi taratibu. Ndo maana mtu aliyerudiwa na kansa baada ya miaka lazima uulize zamani alipewa nini, hata kama alitibiwa nchi nyingine, hata kama anakumbuka tu kwamba "ilikuwa nyekundu".

Ya pili ni trastuzumabu, wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, ya kansa ya titi yenye protini ya HER2 nyingi. Yenyewe inashusha nguvu ya moyo kwa namna nyingine na mara nyingi moyo unarudi ukiisimamisha na kumtibu mgonjwa, ila lazima ushuke ukiwa unaangaliwa. Ya tatu ni mionzi ya kifua, hasa titi la kushoto na ile ya katikati ya kifua kwa wagonjwa wa limfoma. Hii inachelewa, inakula mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo wenyewe, na vali kwa miaka. Utafiti wa wanawake wa Sweden na Denmaki uliotoka 2013 ulikuta kila Gray moja (kipimo cha dozi ya mionzi) ya wastani inayoingia kwenye moyo inaongeza hatari ya tukio kubwa la mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Afu kuna 5-FU na vidonge vyake vya kapesitabini ambavyo vinabana mishipa ya moyo, mgonjwa analalamika kifua siku hizohizo za dawa. Huyo skani haitakuonyesha kitu, mpige ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, palepale akiwa na maumivu. Na zile dawa mpya za kuamsha kinga kama pembrolizumabu zinaweza kuleta uvimbe wa misuli ya moyo, ni mara chache ila unaua haraka, na CT safi haimtoi mtu kwenye hatari hiyo, unataka troponini, kipimo cha damu cha misuli ya moyo kuumia, na ECG.

Andika pia presha, sukari, sigara, na kama aliwahi kuambiwa ana moyo wa homa ya rumatiki. Kwetu huku mgonjwa wa kansa anaweza kuwa na vali mbovu tangu utotoni na hajui.

Hatua ya pili: ujue umeshika skani ya aina gani

Hapa watu wanaparuka na ndo wanapopotea. Kuna CT yenye dawa ya kontrasti, inayochomwa mshipani ili damu ing'ae kwenye picha, na isiyo nayo. Kuna CT ya kupangia mionzi. Kuna PET-CT, ambayo Nairobi inapatikana Aga Khan na pale hospitali ya Kenyatta University. Kuna skani ya mifupa ya gama kamera, mashine inayosoma dawa yenye mionzi iliyochomwa mwilini. Kuna MRI ya titi ambayo moyo unaonekana pembeni, na mara nyingi umeharibiwa na mtikisiko wake wenyewe, hiyo usihangaike nayo. Na kuna MUGA, hiyo yenyewe ndo kipimo cha nguvu ya moyo, tutaifikia.

Kwa nini CT ya kansa haitoi nguvu ya kusukuma? Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika unamaliza pigo moja ndani ya sekunde 0.86 hivi, wakati mashine inapita kifua kizima kwa sekunde kadhaa bila kufuatana na ECG, kwa hiyo slaisi hii imeukuta moyo umebana, inayofuata umelegea, inayofuata upo katikati. Ili upate EF, ile asilimia ya damu inayosukumwa kila pigo, unahitaji ujazo wa chumba cha chini cha kushoto kikiwa kimejaa na kikiwa kimebana, namba mbili, na CT ya kansa haikupi hata moja unayoweza kuiapia. Siku hizi kuna programu za bure kama TotalSegmentator ya Basel zinazochora vyumba vya moyo zenyewe kwenye CT ya kawaida na kukupa mililita. Nzuri kweli, ila mililita hizo ni za dakika ambayo huijui. Mtu asikutajie EF kutoka hapo.

Hatua ya tatu: fungua CT na upite juu mpaka chini

Usisome kwenye zile filamu za kubandika ukutani kama CD ipo. Weka CD kwenye kompyuta, fungua na MicroDicom kama una Windows au Horos kama una Mac, zote za bure. Hakikisha jina, umri na tarehe ni vya mgonjwa wako, unacheka lakini CD zinachanganyika. Chagua mlolongo wenye slaisi nyembamba kuliko zote, milimita 1 mpaka 3 ikiwezekana, zile za 5 zinakuficha kalsiamu ndogo. Weka dirisha (mpangilio wa mwanga wa picha) la katikati ya kifua, upana kama 350 mpaka 400 na kiwango 40 mpaka 50.

Anza juu, kwenye mshipa mkuu wa mapafu pale unapogawanyika. Upime upana wake, ukizidi milimita 29 kwa mwanaume au 27 kwa mwanamke, ama ukiwa mnene kuliko aota (mshipa mkuu wa damu wa mwili) iliyo pembeni yake, presha ya mapafu inawezekana iko juu na upande wa kulia wa moyo unateseka. Ukiwa hapohapo kama kuna kontrasti tafuta damu iliyoganda kwenye matawi, inaonekana kama doa la kijivu ndani ya mshipa mweupe. Wagonjwa wa kansa wanaganda damu sana, na damu iliyoganda kwenye mapafu inakutwa kwa bahati kwenye skani iliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa. Ukiiona teremka kwenye vyumba vya chini, linganisha upana wa cha kulia na cha kushoto, kulia kikikizidi kushoto moyo umeelemewa, na huyo mgonjwa harudi nyumbani kusubiri kliniki ya Jumatatu, piga simu sasa hivi.

Jambo dogo linalowachanganya wengi: karibu na aota inapoanza kupanda kuna kimfuko cha kawaida cha maji ya moyo, kinaonekana kama mwezi mwandamo nyuma ya aota. Sio mtoki. Nimeona kinasomwa kama kansa imesambaa na familia inalia bure. Weka kishale juu yake usome HU, namba inayoonyesha uzito wa kitu kwenye CT, maji yanakaa karibu na sifuri mpaka 20, mtoki unakuwa juu ya hapo, hasa ukiwa umekunywa kontrasti.

Endelea chini, sasa kalsiamu. Mishipa ya koronari unaifuata minne: shina la kushoto, ule wa mbele unaoshuka kati ya vyumba viwili, ule unaozunguka nyuma, na wa kulia. Kalsiamu ni nyeupe kama mfupa, juu ya HU 130, na inakaa kwenye njia ya mshipa. Kila mshipa upe alama: 0 hamna, 1 kama imeshika chini ya theluthi ya urefu, 2 kama ni theluthi mpaka theluthi mbili, 3 ikizidi hapo. Jumlisha, utapata kati ya 0 na 12. Huna haja ya programu ya bei mbaya kwa kazi hii, macho na uvumilivu vinatosha. Kwenye CT ya kontrasti kazi ni ngumu kidogo maana damu nayo ni nyeupe, hamia kwenye dirisha la mifupa, damu itafifia kalsiamu itabaki inawaka. Usidanganyike na stenti ya mshipa, waya wa pesimeka, wala mpira wa poti ya kemo unaoingia kwenye mshipa mkubwa wa juu, vyote vinang'aa.

Hapa niwakumbushe CT ya kupangia mionzi. Hiyo ni hazina ambayo inaozea kwenye kompyuta ya fizisisti, mtaalamu wa kuhesabu mionzi. Kwa titi mara nyingi inapigwa bila kontrasti, moyo mzima umo, na kwa titi la kushoto moyo kawaida unachorwa ili kuhesabu mionzi inayoingia. Uholanzi waliwapima hivyo wagonjwa wa kansa ya titi zaidi ya 15,000, wakasoma kalsiamu kutoka kwenye CT hizohizo za kupangia, matokeo yakatoka 2021, na waliokuwa na kalsiamu nyingi ndo walioishia na magonjwa ya moyo zaidi, na uhusiano ulikuwa mkali zaidi kwa waliopata anthrasaiklini. Kwa hiyo kama unafanya kazi kituo chenye mionzi, nenda kule chini ukaombe hiyo CT. Mtu wa redioloji anaweza asijue hata kama ipo.

Ukifika kwenye misuli yenyewe angalia unene wa ukuta wa chumba cha chini cha kushoto. Ukuta mnene pande zote kwa mtu wa presha ni kawaida yetu. Sehemu moja iliyokonda, au yenye mstari mweusi wa mafuta upande wa ndani, ni kovu la shambulio la moyo la zamani, na mtu anaweza kuwa na kovu na hajawahi kulazwa. Huyo kabla ya dawa nyekundu lazima aonwe na daktari wa moyo. Angalia pia donge la damu kwenye ncha ya moyo, na kichumba cha juu cha kushoto, kikiwa kikubwa waziwazi na vali ya mitro ina kalsiamu fikiria rumatiki.

Kwenye CT isiyo na kontrasti kuna dalili ya bure wengi hawaitumii: ukiona damu ndani ya vyumba ni nyeusi kuliko ukuta wa moyo, mgonjwa ana upungufu wa damu, na sio kidogo. Nenda kaangalie Hb, kipimo cha wingi wa damu. Upungufu wa damu unafanya moyo ukimbie na eko ya siku hiyo inaweza kutoa namba nzuri ya uongo.

Maji kwenye mfuko wa moyo. Utando mwembamba wa milimita chache ni sawa. Yakiwa yanauzunguka moyo wote, pima unene wake sehemu ilipo nene zaidi na uandike HU. Ila usirukie kusema kansa imeingia kwenye moyo. Huku kwetu TB inajaza mfuko wa moyo kuliko kitu kingine, hasa kwa mwenye VVU, na mionzi nayo inaweza, kwa hiyo maji yakipimwa yapimwe yote, seli za kansa na TB. Maji mengi pamoja na mgonjwa anayehema, mishipa ya shingo imejaa na presha inashuka ni dharura ya dakika, sio ya ripoti.

Upana wa moyo upimwe kwa uhakika. Tafuta slaisi ambayo moyo ni mpana kuliko zote, chora mstari toka ukingo wa kulia mpaka wa kushoto, afu chora mwingine wa ndani ya mbavu kwenye sehemu pana ya kifua. Mfano moyo sentimita 15.2 na kifua 27.6, gawanya unapata 0.55. Juu ya 0.5 moyo tunausema umetanuka. Andika na namba ya slaisi, utaihitaji miezi mitatu mbele.

Malizia kwenye ini. Kontrasti ikiwa imerudi nyuma na kujaza mishipa ya ini, upande wa kulia wa moyo unaweza kuwa umeelemewa, ila ukumbuke dawa ikisukumwa na mashine kwa kasi kubwa hata mtu mzima wa afya inarudi kidogo, kwa hiyo hii peke yake usiitungie hadithi. Ikiungana na maji pande zote mbili za mapafu, moyo mpana na ile mistari myembamba ya pembeni ya mapafu, hapo sasa unaongelea moyo kushindwa kazi. Na kumbuka maji ya kwenye mapafu kwa mgonjwa wa kansa ya titi kila mtu anayalaumu kansa. Yakiwa pande zote mbili na moyo umekua, ulizia moyo kwanza kabla hujasema ugonjwa umesambaa.

PET-CT: moyo unaowaka na usiowaka

Kwenye PET mgonjwa anapewa sukari yenye mionzi, FDG. Moyo ukiwa na njaa unatumia zaidi mafuta, ukishiba unakula sukari, ndo maana mgonjwa anaambiwa afunge angalau saa 4 mpaka 6. Matokeo yake moyo mmoja unakuta umewaka wote kama taa, mwingine hauonekani kabisa, na wote wazima. Kwa hiyo swali la kwanza muulize mgonjwa alikula nini na saa ngapi, chai ya maziwa yenye sukari saa kumi na moja alfajiri inatosha kuvuruga.

Kinachostahili kuangaliwa ni mpangilio. Kipande kimoja kinachowaka peke yake huku kwingine kumezima kinaweza kuwa misuli yenye njaa ya damu, uvimbe wa misuli, au mara chache kansa yenyewe, ila ukuta wa pembeni kushoto unapenda kuwaka hivihivi bila sababu. Chumba cha chini cha kulia kikiwaka sana, fikiria presha ya mapafu. Ukuta unaotenganisha vyumba vya juu ukiwaka na kwenye CT ni mafuta matupu, acha, hiyo ni kawaida kwa watu wazima. Kwa aliyepigwa mionzi linganisha eneo linalowaka na ramani ya mionzi yake. Mashine ikipangwa kufuatana na ECG inaweza kutoa hata EF, lakini lazima iombwe kabla mgonjwa hajalala kwenye kitanda, baadaye haiwezekani.

Skani ya mifupa inaweza kukutolea moyo

Hii fupi. Kwenye skani ya mifupa ya tezi dume au titi moyo hautakiwi kuonekana. Ukiona kivuli cha dawa kimekaa kifuani kushoto, kimeenea sura ya moyo na sio ubavu, waza amiloidi, ile protini inayojaza misuli ya moyo na kuufanya mgumu. Ni ya kutafutwa hasa kwa mzee mwanaume mwenye ukuta mnene wa moyo ambaye ECG yake ina mawimbi madogo. Dawa ya mifupa inayotumika zaidi kwenye kansa, MDP, inaikosa mara nyingi, kwa hiyo kutoonekana hakumaanishi haipo.

Hatua ya mwisho: namba yenyewe

Sasa nguvu ya moyo. Njia ya huku ni eko, na Dar kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Kampala Uganda Heart Institute, na hospitali nyingi za kanda zina mashine. MUGA ni ile ya gama kamera, chembe nyekundu za damu zinapakwa teknishiamu-99m na picha zinakusanywa kwa kufuata ECG. Uzuri wake inarudia namba ileile ukipima tena, ubaya ni mionzi na haioni vali wala maji vizuri. Vituo vyenye gama kamera vinaweza kuifanya, uliza tu.

Hesabu ya EF: chumba kikiwa kimejaa mililita 112, kikibana 47 zinabaki, zilizotoka ni 65, gawanya kwa 112 unapata asilimia 58. Kawaida ni kama 52 mpaka 72 kwa mwanaume, 54 mpaka 74 kwa mwanamke. Baada ya mizunguko minne eko ya huyohuyo mama inasema 118 na 62, zimetoka 56, EF 47. Ameshuka pointi 11 na yuko chini ya 50. Hiyo ndo madhara ya dawa kwenye moyo, hata kama anakuambia anapanda ngazi vizuri tu.

Ila kabla hujapiga kengele angalia hizo namba zimetoka wapi. Eko za kawaida zinatofautiana mpaka pointi 10 kati ya mpimaji na mpimaji, kwa hiyo 58 ya hospitali moja na 50 ya nyingine inaweza kuwa moyo uleule. Omba apimwe kituo kilekile, ikiwezekana mtu yuleyule na mashine ileile, kwa njia ya Simpson ya pande mbili, inayopima ujazo wa chumba, sio ile ya kukodolea jicho na kuandika "55 mpaka 60". Ripoti isiyo na ujazo ndani yake, mimi naihesabu kama makadirio. Siku ya kipimo asiwe na homa, asiwe ametoka kumwagiwa dripu lita mbili. Na kama mashine inatoa streini, ile GLS inayopima misuli ya moyo inavyojikunja, iandikwe pia, kawaida yake inazunguka kwenye -20, ikishuka zaidi ya asilimia 15 ya ilivyokuwa mwanzo misuli imeanza kuumia hata kama EF bado nzuri. Kutoka -20 mpaka -16.5 ni kushuka kwa asilimia 17.5, tayari hiyo.

Ratiba: eko moja kabla ya dawa, hii ndo inayorukwa zaidi na ndo yenye thamani kuliko zote maana bila ya kwanza ya pili haina cha kulinganishwa nacho. Kwa Herceptin kila miezi 3 wakati wa dawa. Kwa dawa nyekundu, rudia ndani ya miezi 12 baada ya kumaliza, na aliye kwenye hatari kubwa apimwe pia katikati na mwezi wa 3 baada ya kumaliza. Watoto waliopona kansa kwa dawa hizi wafuatiliwe maisha yao yote.

EF ikishuka, uamuzi wa kusimamisha dawa ni wa daktari wa kansa na wa moyo wakiongea pamoja. Ndugu wa mgonjwa, msikatishe dozi wenyewe kwa sababu mmesoma namba kwenye karatasi. Kuna dawa za kulinda moyo kama enalapril na carvedilol ambazo zinaanzishwa na mara nyingi matibabu ya kansa yanaendelea.

Cha kuandika na cha kuuliza

Ukiandika ripoti, futa "moyo kawaida". Andika ulichoona: "Uwiano wa moyo na kifua 0.55, slaisi ya 48. Kalsiamu ya koronari 5 kati ya 12, zaidi mshipa wa mbele. Maji ya mfuko wa moyo milimita 6, HU 12. Mshipa mkuu wa mapafu milimita 27. CT hii haipimi nguvu ya kusukuma, amepata doksorubisini 240, naomba eko yenye ujazo na streini, ilinganishwe na ya kabla ya dawa." Daktari wa moyo akipokea hiyo anajua anaanzia wapi.

Na wewe mwenye mgonjwa, siku ya majibu usiondoke bila kuuliza. Inatosha kusema: "Shikamoo dokta, samahani, kwenye hii CT ya mama naomba utuangalizie na moyo, kama kuna kalsiamu au maji, na eko yake ya mwisho ilikuwa ngapi na ilipimwa lini?" Majibu yaandike kwenye daftari moja na tarehe, pamoja na jumla ya ile dawa nyekundu aliyopewa mpaka siku hiyo. CD usiiache hospitali, omba nakala yako. Kila skani mpya ikija inawekwa pembeni ya ile ya kwanza na moyo unapimwa mahali palepale, mstari uleule. Katikati ya skani na skani, akianza kuvimba miguu, akishindwa kulala chali bila kukosa pumzi, moyo ukimdunda bila mpangilio au akianguka, msingoje tarehe ya kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo na hilo daftari mkononi.